Kapsuli za Bakteria, Mala, Uji Mchachu au Mboga za Kienyeji: Pesa ya Tumbo Ianzie Wapi?

Hapa Kisumu swali hili linazidi kuulizwa, na wanaouliza ni watu waliochoka kweli: mwalimu anayesinzia saa nane mchana, mama wa duka ambaye tumbo lake limejaa gesi tangu asubuhi, kijana ambaye moyo umekuwa mzito na hajui kwa nini. Wamesikia kwamba tumbo ndilo linaloongoza nguvu na hisia, na wanataka kujua kama wanunue zile kapsuli za bakteria wazuri. Kikopo kimoja kwenye famasi za mjini hupita shilingi elfu moja, na vingine hufika elfu tatu. Kwa nyumba nyingi za Nyalenda au Manyatta, hiyo ni pesa ya mboga na maharagwe ya wiki kadhaa.

Kwa hiyo nataka kuviweka vitu vinne pamoja ili vipimwe: kapsuli, maziwa yaliyoganda (maziwa lala, au mala), uji mchachu, na sahani ya mboga za kienyeji, maharagwe na nafaka isiyokobolewa. Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa watu wengi wa huku, sahani ndiyo ya kwanza, maziwa lala yanafuata kwa karibu sana, uji una kazi yake tofauti, na kapsuli ni za wachache kwa muda mfupi.

Kabla ya kununua chochote

Uchovu wa kanda ya ziwa una sababu zake, na nyingi haziponywi na chakula. Malaria ya muda inakausha damu. Minyoo pia. Kichocho cha utumbo, ambacho watu wengi wanakijua kwa jina la bilharzia, kinaishi kwa urahisi kwenye maji ya Ziwa Victoria, na anayevua, anayefua au anayeoga ziwani anaweza kukaa nacho miaka mingi. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka utumbo, mayai yakapita kwenye kuta za utumbo na mengine yakaishia kwenye ini. Matokeo ni maumivu ya tumbo, choo chenye damu, uchovu. Dawa yake ipo, praziquantel, na hakuna kiasi cha mala kitakachofanya kazi yake.

Hivyo ukiwa umechoka kwa wiki kadhaa, pima damu kwanza, pima choo, pima sukari. Uliza kuhusu pailori (H. pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo) kama tumbo linachoma. Kupungua uzito bila sababu, damu kwenye choo, chakula kukwama kooni, kutapika kusikoisha: hayo yapeleke hospitali wiki hiyohiyo. Nimeona watu wakizunguka na tiba za lishe kwa miezi huku damu yao imeshuka vibaya, na inaniuma kwa sababu kipimo cha damu ni rahisi kuliko kikopo kimoja cha kapsuli.

Utumbo unavyofikia nguvu na moyo

Mwili wa mtu mzima una bakteria wanaokadiriwa kuwa trilioni 38, karibu sawa na idadi ya seli za mwili wenyewe, na wengi mno wako kwenye utumbo mpana. Wanakula kile ambacho sisi tumeshindwa kumeng'enya, hasa nyuzinyuzi za mboga, kunde na nafaka. Wakila, wanatoa asidi ndogondogo za mafuta. Mojawapo, butireti, ndiyo chakula kikuu cha seli zinazopanga ukuta wa utumbo mpana. Seli hizo hupata takriban asilimia 70 ya nishati yao humo. Nyuzinyuzi zikikosekana, baadhi ya bakteria hugeukia ute unaoulinda ukuta wenyewe. Ukuta ukidhoofika, kinga ya mwili inabaki katika hali ya kupambana muda wote, na mwili unaopambana muda wote ni mwili uliochoka.

Kuhusu hisia kuna jambo ambalo matangazo yanalipotosha. Ni kweli kwamba karibu asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa tumboni. Lakini serotonini hiyo haivuki kuingia kwenye ubongo. Huko tumboni inaendesha misuli ya utumbo. Mawasiliano na ubongo yanapita njia nyingine: kemikali za kinga zinazosafiri kwenye damu, na neva ya vagasi, ambayo nyuzi zake nyingi hubeba habari kutoka tumboni kwenda juu kuliko kutoka juu kuja chini. Ndiyo maana mtu mwenye wasiwasi huendesha, na mwenye tumbo lililovurugika hulala vibaya.

Je, kubadilisha chakula kunainua moyo ulioanguka? Jaribio moja la Australia lililochapishwa mwaka 2017 lilichukua watu 67 wenye sonona, wengi wao tayari wakiwa kwenye matibabu. Nusu walisaidiwa kula vizuri kwa wiki 12: mboga, kunde, matunda, nafaka nzima, samaki, njugu. Nusu nyingine walipewa mtu wa kuzungumza naye. Mwishoni asilimia 32 ya waliobadilisha chakula walikuwa wametoka kwenye sonona, dhidi ya asilimia 8 ya kundi la pili. Jaribio ni dogo, na chakula kilikuja juu ya matibabu, hakikuyaondoa. Anayemeza dawa za sonona asiziache kwa sababu ameanza kula osuga (mnavu). Lakini tazama kilichowasaidia wale watu: ilikuwa sahani.

Kapsuli

Nianze na heshima inayostahili. Kuna hali ambapo kapsuli zina ushahidi mzuri. Mtoto au mtu mzima anayeharishwa na antibayotiki anaweza kusaidiwa na aina fulani mbili tatu, hasa Lactobacillus rhamnosus GG na Saccharomyces boulardii. Huyo wa pili ni hamira, si bakteria, kwa hiyo antibayotiki haimuui. Mwanasayansi Mfaransa Henri Boulard alimpata miaka ya 1920 kwenye maganda ya matunda ya Asia ya kusini mashariki.

Nje ya hapo mambo yanapungua haraka. Mwaka 2020 chama cha madaktari wa tumbo cha Marekani kilipitia ushahidi wote na kikaona kwamba kwa magonjwa mengi ya tumbo, bakteria hawa hawana msingi wa kutosha wa kupendekezwa. Kikatoa ushauri wa kuwatumia katika hali chache tu, mojawapo ikiwa kuzuia kuhara kubaya kwa wanaotumia antibayotiki.

Na kuna jambo linaloshangaza zaidi. Watafiti wa Israeli mwaka 2018 waliwapa watu antibayotiki, kisha wakalinganisha: wengine wakameza kapsuli zenye aina nyingi za bakteria, wengine wakaachwa tumbo lijijenge lenyewe. Walioachwa walirudia hali yao ya kawaida mapema zaidi. Bakteria wa kapsuli walikuwa wameshika nafasi na kuwachelewesha wenyeji. Kwa wengi wetu wageni hawa hata hawakai. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini hawa mara nyingi hutoka na choo siku chache baada ya wewe kuacha kuwameza.

Kuna pia suala la joto. Kikopo kinachoandikwa bilioni kumi kilihesabiwa kiwandani. Kimesafiri, kimekaa kwenye boksi, kimekaa kwenye rafu ya duka lisilo na kiyoyozi katika mji ambao mchana wake hufika nyuzi 30. Ukilazimika kununua, nunua panapohifadhiwa kwa ubaridi kama lebo inavyotaka, chenye jina kamili la aina ya bakteria pamoja na tarehe ya mwisho ya matumizi. Kilichoandikwa "bakteria wazuri" bila jina, kirudishe kwenye rafu.

Mtoto njiti asipewe kabisa bila daktari wa watoto. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya mtoto njiti aliyepewa bidhaa ya aina hii kufariki. Mtu ambaye kinga yake imeshuka sana naye amwone daktari kwanza.

Maziwa lala, yogati ya duka, mursik

Hapa ndipo ulinganisho unapokuwa mtamu, kwa sababu vitu vitatu vinavyofanana kwa macho vinatofautiana sana.

Faida ya kwanza ya maziwa yaliyoganda haihusu bakteria kukaa tumboni. Watu wazima wengi miili yao imeacha kutengeneza kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa. Mwaka 2007 timu ya Sarah Tishkoff ilionyesha kwamba baadhi ya jamii za Kenya na Tanzania, hasa za wafugaji, zina badiliko lao la kinasaba linalowawezesha kunywa maziwa yasiyoganda ukubwani, tofauti na lile la Ulaya. Wasio nalo ni wengi, na wengi wao wanadhani wana ugonjwa wa tumbo kumbe ni vikombe vitatu vya chai ya maziwa kwa siku. Kwenye mala sehemu ya sukari hiyo imeshaliwa na bakteria, na bakteria wenyewe huendelea kuivunja ndani ya utumbo. Kama chai ya maziwa inakujaza gesi, jaribu kuiacha wiki mbili na kunywa mala. Wapo ambao "ugonjwa" wao utaishia hapo.

Faida ya pili imeonekana karibuni. Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2021 kiligawa watu wazima 36 katika makundi mawili kwa wiki kumi: wengine wakala vyakula vilivyochachushwa kwa wingi, wengine nyuzinyuzi kwa wingi. Kundi la vyakula vilivyochachushwa lilipata aina nyingi zaidi za bakteria tumboni, na protini 19 zinazoashiria uvimbe wa ndani, yaani ile hali ya kinga kupambana muda wote, zikashuka. Kundi la nyuzinyuzi halikupata ongezeko hilo la aina za bakteria katika muda huo. Matokeo hayo yanabishana na msimamo wangu, na nitayarudia nikifika kwenye sahani.

Sasa ipi? Yogati ya duka ina raha yake, lakini nyingi zenye rangi ya stroberi na embe zimejazwa sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isipite asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, yaani takriban gramu 25. Soma lebo ya kikombe kikubwa cha yogati uone kimekula sehemu gani ya gramu hizo. Soma pia kama imeandikwa ina bakteria hai. Iliyopashwa moto tena baada ya kuganda ili ikae miezi bila friji haina hai yeyote ndani.

Mala ya pakiti isiyo na sukari ni chaguo zuri na salama. La nyumbani ni zuri zaidi na bei yake inashuka: kwa pesa ya kikopo kimoja cha kapsuli unanunua lita kumi za maziwa au zaidi. Chemsha maziwa, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, tia vijiko vitatu vya mala hai, funika kwa kitambaa safi. Kwa joto la Kisumu asubuhi yameganda. Ndugu zetu wa Molo na Nakuru watasubiri zaidi, au wayafunge kwa blanketi. Yale ya kuachwa yagande bila kuchemshwa usiyanywe. Ugonjwa wa brusela unapita kwenye maziwa mabichi, na dalili zake ni homa inayorudi, maumivu ya viungo na uchovu, yaani kile unachojaribu kukikimbia. Anayeishi na virusi vya UKIMWI na mama mjamzito wazingatie hili zaidi ya wote.

Ng'ambo ya ziwa, Mwanza, tangu mwaka 2004 vikundi vya akina mama vimekuwa vikitengeneza yogati iitwayo Fiti kwa msaada wa chuo kikuu kimoja cha Kanada, wakitumia aina iliyofanyiwa utafiti ya Lactobacillus rhamnosus. Naliona hilo kuwa jibu zuri kwa wenye kapsuli: bakteria mwenye jina, ndani ya chakula, kwa bei ya mtaa.

Mursik, maziwa yaliyoganda ya Wakalenjin, nataka nikae nayo kidogo, kwa sababu naiheshimu. Ni kazi ya ustadi: kibuyu, mkaa wa mti wa senetwet, subira. Ina bakteria wa asidi ya maziwa wengi. Lakini ikikaa muda mrefu ina hamira pia, na hamira hutoa pombe kidogo, na humo hupatikana asetaldehaidi, kemikali inayohusishwa na saratani. Watafiti waliopima mursik ya magharibi mwa Kenya na kuchapisha mwaka 2013 walikuta kiwango cha kutia wasiwasi katika sampuli nyingi. Upande wetu huu wa nchi saratani ya koo la chakula iko juu kuliko kwingi duniani, na sababu zake zinachunguzwa. Mimi ningesema: mursik ya siku chache, kibuyu kilichosafishwa vizuri, kwa sherehe na kwa wageni. Kwa matumizi ya kila siku chagua mala.

Uji mchachu

Pale soko la Kibuye ukimwuliza muuzaji, "Mama, uji huu umechachuka wenyewe au umetiwa ndimu?" atakujibu ukweli: "Nyathina, wa kulala siku mbili nani atanisubiri? Huu nimetia ndimu." Na huo wa ndimu, au wa unga mweupe wa asidi unaouzwa kwa vijiko, ni uji mzuri wa kawaida. Haujachachuka. Ladha ni ileile, kazi haijafanyika.

Wa kuchachuka kweli ni unga wa wimbi au mtama uliokorogwa na maji, ukafunikwa siku moja mpaka tatu, ndipo ukapikwa. Moto unaua bakteria, kwa hiyo usiutegemee kwa bakteria hai. Thamani yake iko kwingine. Nafaka ina kitu kiitwacho fitati ambacho hushika madini ya chuma na zinki yasiingie mwilini, kuchachuka hukipunguza. Kwa mama mwenye hedhi nzito au mtoto anayeachishwa kunyonya, tofauti hiyo inaweza kuwa na maana kubwa kwa damu yake, na damu ni nguvu. Ule uchachu pia huwanyima nafasi vijidudu vinavyoleta kuhara, jambo ambalo bibi zetu walilitumia bila friji wala maabara.

Mambo mawili tu yanauharibu: sukari vijiko vinne, na kuunywa ukiwa wa kuunguza. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliorodhesha vinywaji vinavyopita nyuzi 65 kuwa huenda vinasababisha saratani ya koo la chakula. Uache upoe.

Sahani

Daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alifanya kazi Uganda mpaka mwaka 1964, jirani yetu kabisa. Alishangaa kwamba magonjwa yaliyojaza hospitali za Uingereza, kama bawasiri, kidole tumbo na saratani ya utumbo mpana, yalikuwa haba kwa watu wa vijijini Afrika Mashariki. Miaka ya 1970 akaanza kuhubiri duniani kwamba tofauti ni nyuzinyuzi. Alitazama chakula cha watu wa huku akaona hazina. Sisi tumeibadilisha kwa unga mweupe wa gredi ya kwanza, mandazi na chipsi, halafu tunaenda famasi kutafuta tulichokiacha shambani.

Waliokuja baada yake walipima. Mwaka 2015 watafiti walibadilishana vyakula kati ya Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini kwa wiki mbili tu. Wamarekani waliopewa nyuzinyuzi nyingi, butireti yao iliongezeka zaidi ya mara mbili. Waafrika waliopewa nyama na mafuta mengi, yao ikashuka kwa nusu. Wiki mbili! Na mwaka 2025 ikatoka kazi ya karibu zaidi na sisi, kutoka kaskazini mwa Tanzania, kwa wanaume 77. Waliotolewa kwenye vyakula vya Kilimanjaro na kupewa soseji, mkate mweupe na chipsi walionyesha uvimbe wa ndani zaidi na kinga iliyodhoofika. Waliotoka kwenye vyakula vya mjini kwenda kwenye vya jadi walionyesha kinyume chake, na baadhi ya mabadiliko yalibaki wiki nne baadaye. Kundi jingine lilikunywa mbege ya ndizi kwa wiki moja nao wakapata nafuu kama hiyo. Mbege ni pombe, na sitaki mtu ajitetee nayo kwa ajili ya busaa.

Sasa nirudi Stanford. Ikiwa vyakula vilivyochachushwa vilishinda pale, kwa nini naweka sahani mbele? Kwanza, waliojaribiwa walikuwa Wamarekani, na inawezekana matumbo yaliyozoea nyuzinyuzi chache kwa miaka mingi yamepoteza bakteria wa kuzivunja. Mtu aliyekulia Siaya akila nyoyo (mahindi na maharagwe) na apoth (mlenda) pengine hayuko pale. Pili, ushahidi wa nyuzinyuzi kwa maisha marefu ni mkubwa mno. Mapitio yaliyochapishwa kwenye The Lancet mwaka 2019, yenye tafiti 185 za kufuatilia watu, yaliona vifo vichache kwa asilimia 15 hadi 30 kwa wanaokula nyuzinyuzi nyingi kuliko wanaokula chache, na kiasi cha gramu 25 hadi 29 kwa siku kikaonekana kizuri. Shirika la Afya Duniani sasa linashauri angalau gramu 25. Tatu, sahani inaleta chuma, foliki na protini, na mala haina chuma cha kutajika.

Gramu 25 si mbali. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kina kama 15. Avokado moja inaweza kukupa 10. Viazi vitamu viwili na maganda yake, mapera, njugu karanga, ugali wa posho mill usiokobolewa, na umepita. Katika mboga, dek (mgagani) na osuga zinapendwa kwa uchungu wake, na apoth kwa ule utelezi, ambao nao ni nyuzinyuzi za aina inayoyeyuka. Usichemshe na kumwaga maji mara tatu. Zipike na nyanya au kamulia ndimu, maana vitamini C husaidia chuma cha mboga kuingia mwilini. Na chai isubiri saa moja baada ya chakula; chai na ugali kwa pamoja hufunga chuma kile kile ulichokilipia.

Upungufu wake ni mmoja, nao ni wa kweli: gesi. Aliyezoea chapati na chai akirukia bakuli la maharagwe atateseka, na ataamua kwamba nyuzinyuzi hazimfai. Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya, na anza na vijiko vitatu. Wenye utumbo unaokasirika haraka, ambao huvimbiwa na kuumwa kila mara bila kipimo kuonyesha kitu, wengine hawavumilii maharagwe wala vitunguu hata polepole. Hao waanze na uji wa wimbi, viazi vitamu na malenge.

Kwa hali yako

Ukiwa mwanafunzi Maseno na pesa ni ya kuhesabu, weka yote kwenye nyoyo, mboga na parachichi za msimu. Pakiti moja ya mala mara tatu kwa wiki inatosha kuanza.

Ukiwa na kisukari, mala bila sukari na ugali mdogo wa mtama wenye mboga nyingi vitakufaa kuliko yogati tamu na kuliko uji, hata mchachu, kwa sababu uji unapandisha sukari haraka.

Ukiwa umeandikiwa antibayotiki, imalize kama ulivyoambiwa. Kula mala saa mbili au tatu mbali na kidonge, na maharagwe kidogo kidogo. Kapsuli ifikirie kama uliwahi kuharishwa vibaya na dawa hizo, na umwombe mfamasia moja ya zile aina mbili nilizozitaja. Ile tabia ya kununua Flagyl kila tumbo linaponguruma naiomba ikome. Kila dozi isiyohitajika inafyeka bakteria ambao ulikuwa unataka kuwanunua.

Mtoto akiharisha, maji ya ORS na zinki kwanza, na maziwa ya mama yaendelee. Mengine yote ni ya baadaye.

Na ukiwa umeshanunua kikopo, kimalize pamoja na sahani, kisha usikirudie. Jipe wiki nne za sahani na mala. Choo ndicho kitakachobadilika kwanza, ndani ya siku chache. Gesi itaongezeka wiki ya kwanza na kupungua ya pili au ya tatu. Usingizi na nguvu za mchana huja polepole zaidi, na moyo huja nyuma ya vyote. Katika lile jaribio la Australia walipimwa baada ya wiki 12. Wiki nne zikipita na uchovu uko palepale, usiongeze chakula kingine kwenye orodha. Rudi hospitali na karatasi za vipimo vya kwanza mkononi.